Muziki wa tabaka kwa kinanda kimoja

Ukisema unataka kutunga nyumbani muziki wa sintesaiza, yaani kinanda kinachotengeneza milio kwa umeme, utaulizwa kwanza una vifaa gani. Swali hilo ndilo linalomaliza watu pesa. Mimi lilinitoa laki nne za mashine ya ngoma, nikaitumia wiki chache, nikaiuza kwa nusu ya bei. Katika kipande nilichokamilisha mwaka huu hakuna hata mlio mmoja uliotoka kwenye mashine ile. Kipande kina dakika tisa na sekunde kadhaa, tabaka saba zilizorekodiwa moja juu ya nyingine, na ukiacha mvua niliyoirekodi kwa simu, vyote vimetoka kwenye kinanda kimoja kidogo.

Kinanda chenyewe ni microKORG. Korg walikitoa mwaka 2002. Kina vitufe 37, vyembamba kiasi kwamba vidole vyangu hugombana, na hakitoi zaidi ya nota nne kwa wakati mmoja. Nilikinunua kwa 650,000 kwa mpiga kinanda wa kwaya aliyekuwa amepata kikubwa zaidi. Saundi kadi ya mtumba, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta na kuitoa, ilinigharimu 280,000, hedifoni 240,000. Programu ya kurekodia ni Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu bure kwa siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Laptop nilikuwa nayo. Spika za studio sina mpaka leo. Chumba changu Sinza, Dar es Salaam, ni ukuta kwa ukuta na jirani anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi, na mimi hutunga usiku.

Nota nne zinaonekana chache kwa mtu anayetaka tabaka. Kinanda hiki kina hali ya kupanga milio miwili kwa pamoja, na wengi hukipendea hapo, maana ukibonyeza kitufe kimoja unasikia sauti nene. Tatizo ni kwamba milio hiyo miwili inagawana nota zile zile nne, hivyo unabaki na mbili. Ni afadhali urekodi tabaka moja peke yake, uisimamishe, urudi mwanzo urekodi ya pili juu yake, na kila mara unakuwa na nota zako zote nne. Si ujanja mpya. Sintesaiza nyingi za miaka ya 1960 zilitoa nota moja tu kwa wakati, na mwanamuziki wa Marekani Wendy Carlos alipopiga kazi za mtunzi Bach kwa sintesaiza ya Moog mwaka 1968, alirekodi mstari mmoja mmoja kwenye mkanda wa trak nane, yaani njia nane za kurekodia. Ukijua hilo, unaacha kukionea aibu kinanda chako.

Kabla ya muziki, hata hivyo, nilipambana na mngurumo. Nikiunganisha kinanda, saundi kadi na laptop, hedifoni zilinguruma sauti nzito, na juu yake kulikuwa na mlio mwembamba uliobadilika kila niliposogeza mausi. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mngurumo wa namna hiyo hukaa kwenye 50 na 100, ndani kabisa ya eneo la besi. Kwenye tabaka moja unaweza kuuvumilia. Ukipanga tabaka saba, umepanga na mingurumo saba. Nilibadilisha waya wa sauti, nikanunua mwingine wa bei kubwa, hakuna kilichobadilika. Fundi umeme wa mtaani ndiye aliyenionyesha: chaja ya laptop na adapta ya kinanda zilikuwa zinakutana kupitia waya wa sauti na kufanya mzunguko, na soketi za nyumba niliyopanga hazina ethi ya kweli, waya wa kwenda ardhini. Dawa ilikuwa rahisi mno kwa hasira niliyokuwa nayo. MicroKORG inakubali betri sita za AA. Nilichomoa adapta, na wakati wa kurekodi nikachomoa na chaja ya laptop. Kimya. Kwa hiyo kabla hujanunua waya wa bei, chomoa vitu kimoja kimoja ukiwa umevaa hedifoni. Betri za kuchaji seti mbili zinatosha, na umeme ukikatika usiku kazi haisimami.

Hapo hapo niseme jambo la kuhifadhi. Mlio unaouchonga kwenye kinanda hiki unapotea ukikizima bila kuuandika kwenye kumbukumbu. Siku hizi sichongi chochote bila Reaper kuwa inarekodi. Mlio ukinoga ninao tayari kama sauti, hata nikishindwa kuurudia. Kuna wanaopenda kuacha kila kitu wazi ili wabadilishe baadaye, na kwa kompyuta pekee inawezekana kabisa. Nimekuja kuona kwamba uwazi huo ndio unaofanya watu wawe na vipande arobaini vya dakika moja moja na wasiwe na kimoja kilichoisha.

Toleo la kwanza la kipande hiki lilikuwa na tabaka zaidi ya kumi, na nilichoka kulisikiliza kabla sijalimaliza. Nilipiga mlio wa kamba wa polepole, nota tatu kwa pamoja. Juu yake nikaweka mwingine unaofanana na sauti za watu, na juu ya huo ogani. Kila mmoja peke yake ulikuwa mtamu, vyote pamoja vikawa uji. Sababu inaeleweka: milio yote mitatu ilikaa kati ya hezi 200 na 500, na milio miwili ikikaa eneo moja kwa wakati mmoja, wenye nguvu unaufunika mwenzake. Ushauri utakaoupata kila mahali ni kukata kwa ikwalaiza, programu ya kupunguza au kuongeza sehemu ya masafa, yaani kila tabaka isiyo besi uiondolee chini ya hezi 150 au 200. Ni ushauri mzuri na ninaufuata. Nilikata, uji ukawa mwepesi, ukabaki uji.

Kipindi hicho kilinikatisha tamaa kuliko nilivyotarajia. Unarudi kazini, unaoga, unakaa saa nne za usiku na hedifoni kichwani, na ukiamka asubuhi kusikiliza ulichofanya unaona aibu. Mdogo wangu aliyekuja kukaa kwangu likizo alisikiliza akaniuliza lini biti inaanza. Yeye ni mtu wa singeli, na singeli hupita mapigo 200 kwa dakika bila kuhema. Kipande changu kilikuwa 80. Sikumlaumu.

Njia ilifunguka Unguja. Nilikwenda harusini kwa shangazi, na jirani yake ni mzee aliyepiga fidla kwenye vikundi vya taarab miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza ninachofanya, nikamvalisha hedifoni. Alisikiliza dakika mbili hivi kwa adabu, akazivua.

"Mwanangu, hawa wangapi humu?"

"Ni mimi peke yangu, babu. Nimejirekodi mara nyingi."

"Hilo nimelisikia. Nakuuliza humu ndani wamo wangapi, maana kila mmoja ana lake."

Nikaanza kumweleza habari za nota za pamoja na jinsi zinavyobadilika. Akatikisa kichwa. "Sisi tukikaa, fidla, ganuni, udi, nai, akodiani, wimbo wetu ni mmoja. Mwenye ganuni anautetemesha, mwenye nai anachelewa kidogo, mimi nauvuta. Lakini ukituuliza, sote tutakwimbia wimbo ule ule."

Nilikuwa nimeisikia taarab tangu utotoni, ganuni yake ya nyuzi za kudonoa na nai yake ya kupuliza, na sikuwahi kuisikia hivyo. Ni kweli: kundi kubwa la taarab ya kale halijazi nafasi kwa nota za pamoja kama piano ya kanisani. Unene wake unatokana na watu wengi kuusema mstari mmoja, kila mmoja kwa mapambo yake na kwa kuwahi au kuchelewa kwake. Ni muziki wa tabaka tangu kabla waya wa umeme haujafika chumbani kwangu. Na hasa ndicho kitu ambacho kinanda chenye nota nne, kinachorekodiwa mara nyingi, kinakiweza vizuri.

Niliporudi Dar nilifuta tabaka zote za nota za pamoja. Nikabaki na kazi niliyokuwa nimeikwepa: kuwa na wimbo. Ukifunika kila kitu kwa milio mizito unaweza kuzunguka mwezi mzima bila kugundua kwamba huna wimbo. Nilianza kuimba kwa mdomo kwenye simu, nikitembea kutoka kituoni, mpaka nikapata mstari ambao ningeweza kuurudia bila kusikiliza rekodi. Ulikuwa umeangukia kwenye Bayati, mojawapo ya maqamu, yaani ngazi za nota za muziki wa Kiarabu, ambayo sikuichagua kwa elimu yoyote. Masikio ya pwani yalinipeleka. Bayati ikianzia Re, nota ya pili haiko kwenye Mi ya piano wala kwenye Mi bemoli, iliyo nusu toni chini yake. Iko katikati, robo toni chini ya Mi.

Kinanda cha kawaida hakina kitufe cha nota hiyo. Vinanda vinavyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kuishusha, changu hakina. Nilichofanya ni kurekodi mstari mara mbili. Mara ya kwanza nilipiga kila nota isipokuwa Mi, nikaacha pengo mahali pake. Kisha nikashusha kinanda kizima kwa senti 50, yaani robo toni, nikarekodi Mi peke yake kwenye trak ya pili, nikijaza mapengo. Inachosha, na inabidi uujue wimbo wako kwelikweli. Lakini kwa mlio unaokatika, kama wa kudonoa, husikii kiungo kabisa. Kwa mlio unaoteleza kutoka nota moja hadi nyingine njia hiyo haifai, kiungo kinasikika. Huko nilitumia gurudumu la kupinda sauti, nikilipunguza lisivute zaidi ya nusu toni, na nikajizoeza kulishusha nusu ya njia. Mara nyingine niliteremka mno. Niliacha baadhi ya makosa hayo, kwa sababu fidla nayo haigusi mahali pale pale kila mara.

Mstari huo ndio uliokuwa tabaka tatu za katikati. Ya chini, oktava moja chini ya sauti yangu ya kuimba, inagusa tu nota ambazo wimbo unatua, na kuzishikilia. Ya kati inauimba wote, polepole, kwa mlio wa mawimbi ya msumeno niliofunga filta yake, kichujio cha ukali wa mlio, mpaka ukawa laini. Ya juu inaudonoa na kuutetemesha kila nota ndefu, ikiwaza ganuni. Kwa kuwa kila moja ina oktava yake na inafika kwa wakati wake, kufunikana kulipungua kabla sijagusa ikwalaiza. Sikuamini nilipoona trak hazina hata programu ya kukatia na bado zinasikika zote tatu.

Chini ya hizo kuna mvumo usiobadilika, na hapa Bayati ilinikaba. Mvumo wangu wa awali ulikuwa na Re, Mi na La. Mi ya kawaida, ile ya juu kidogo ya do ya kati, ni kama hezi 330; Mi ya Bayati ni kama 320. Zikilia pamoja zinagongana, na unasikia mtetemo mkali wa mara tisa au kumi kwa sekunde. Nilidhani saundi kadi imeharibika. Mvumo ukabaki Re na La tu, na wimbo ukapata pa kusimama. Ukitaka kutumia maqamu kwenye muziki wa tabaka, kagua kwanza tabaka zisizosogea, maana hizo ndizo zinazokataza nota.

Ngoma nilizitengeneza kwa kelele, ule mlio wa ssss ambao karibu kila sintesaiza inao, nikaukata mfupi na kuupitisha kwenye filta. Ni mizunguko mitatu: mmoja wa hatua 12, mwingine 15, mwingine 16. Inaanza pamoja, inaachana, na inakutana tena baada ya hatua 240. Kwa mapigo 80 kwa dakika, kila pigo likiwa na hatua nne, hiyo ni sekunde 45. Ndani ya sekunde hizo mchanganyiko wa mizunguko yote mitatu haujirudii, ingawa mimi nimepiga kidogo sana. Kwenye kipande kirefu hii ni nafuu kubwa. Dilei, athari inayorudia mlio kama mwangwi, nayo niliipimia hapo hapo: 60,000 gawanya kwa 80 ni 750, hivyo mwangwi mmoja wa milisekunde 750 unaangukia kwenye pigo linalofuata.

Kelele fupi ndizo zilizofichua kwamba tabaka zangu zilikuwa zinachelewa. Laptop huchukua muda kupokea sauti na kuitoa. Kwa sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde na bafa, fungu linalokusanywa kabla ya kupitishwa, ya sampuli 256, mkusanyo mmoja tu ni milisekunde tano na kidogo, na sauti hupita zaidi ya mmoja, kuingia na kutoka. Programu hujaribu kufidia, ila hutegemea saundi kadi kusema ukweli kuhusu ucheleweshaji wake, na yangu haikuwa inasema. Jinsi ya kupima: chukua waya mmoja, utoe kwenye tundu la kutokea uingize kwenye la kuingilia la saundi kadi hiyo hiyo, cheza mlio mmoja mkali na uurekodi. Ukikuza picha, utaona umbali kati ya mlio uliotoka na ule uliorudi. Hesabu sampuli hizo uziandike kwenye mipangilio ya kurekodi. Ni kazi ya robo saa. Fanya siku ya kwanza, hedifoni zikiwa mezani, si masikioni, maana ukikosea mpangilio sauti inajizungusha na kupiga kelele.

Mvua niliirekodi wakati wa masika, chini ya paa la bati nyuma ya nyumba. Kila mtu anaipenda mvua kwenye muziki wa namna hii, na mimi ningeipunguza kuliko hapo kama ningekuwa naanza leo. Mvua ya bati ina kila masafa kwa pamoja, ndiyo maana inafunika kila kitu. Niliikata chini ya hezi 400, nikaishusha kila wimbo unapoingia, na katikati ya kipande nimeiondoa kabisa.

Viwango vya sauti sikuvijali mwanzoni. Nilirekodi kila tabaka karibu na nyekundu ya kipimo cha sauti nikidhani ndiyo nguvu. Kumbe zikijumlishwa saba, jumla inavuka sifuri, ukomo wa kipimo hicho, na kupasuka. Sasa kilele cha kila tabaka ninakiacha kwenye desibeli hasi 12 hivi. Ukirekodi kwa biti 24 hupotezi chochote kwa kuwa chini. Faili zinakuwa kubwa, kama megabaiti 8.6 kwa dakika kwa trak ya mono, yaani ya sauti ya upande mmoja tu, kwa hiyo tabaka saba za dakika tisa ni zaidi ya nusu gigabaiti, kabla hujahesabu majaribio uliyoyakataa. Weka nakala kwenye flashi mbili, moja isikae kwenye begi la laptop.

Kumiksi kwa hedifoni pekee kunadanganya, nami sikuwa na njia nyingine, kwa hiyo nilizunguka. Kwenye simu, besi yangu haikuwepo kabisa. Re niliyoitumia iko kwenye hezi 73, na spika ya simu haifiki huko. Niliongeza Re ya oktava ya juu yake, hezi 147, kwa sauti ndogo sana, na sikio likaanza kuidhania ile ya chini. Kwenye sabufa ya shemeji yangu mambo yalikuwa kinyume, mvumo ulitikisa kabati na wimbo ukazama. Kwa bajaji ya rafiki yangu niligundua kwamba tabaka ya kati inatoweka karibu yote. Spika yake ni moja, na mimi nilikuwa nimeweka athari ya kuutanua mlio kushoto na kulia, ambayo ikikunjwa kuwa mono inajifuta yenyewe. Nilirekodi tabaka ile upya bila athari. Kitufe cha mono kipo kwenye programu, hakihitaji bajaji, ila bila bajaji nisingekibonyeza.

Toleo la mwisho nimelitoa kwa faili la biti 24, kwa ukubwa wa wastani wa hasi 14 LUFS (kipimo cha sauti inavyosikika), kiwango ambacho Spotify hurejesha nyimbo kwa kawaida, hivyo hakuna faida ya kulikandamiza zaidi. Dakika ya sita bado inanikera. Tabaka ya juu inarudi mapema mno, mapigo mawili kabla ya ile ya chini kumaliza kutua, na kila nikisikiliza mkono unataka kufungua mradi. Trak za majaribio nimeshazifuta na betri ziko kwenye chaja. Wimbo unaofuata ninao kwenye simu, nimeuimba mara tatu nikiwa kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, na bado sijaufungulia kinanda.